Sura ya Kivinjari na Sarufi ya Kiswahili: Ujenzi wa Vivinjari vya Majaribio kwa Zana za Wavuti



1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini mhadhara wa taaluma ya Kiswahili uzungumzie ujenzi wa kivinjari, yaani programu ya kompyuta tunayoitumia kusomea kurasa za intaneti. Kwa mazoea kazi hiyo ni ya wahandisi. Mtaalamu wa Kiswahili huitwa mwishoni, programu ikiwa imekwisha kujengwa, akapewa orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza na kuombwa aandike mbele ya kila neno kisawe chake cha Kiswahili. Akishaijaza orodha hiyo hushukuruwa, na programu hutangazwa kuwa sasa inazungumza Kiswahili.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba utaratibu huo una kasoro ya msingi, na kasoro yenyewe haitokani na upungufu wa msamiati. Kiswahili ni lugha ya upatanisho wa kisarufi. Nomino hutawala sentensi nzima, na alama ya utawala wake huonekana katika kivumishi, katika kitenzi na katika kimilikishi. Lugha ya namna hii haiwezi kuungwa kutokana na vipande vilivyokatwa kwa kipimo cha Kiingereza. Lakini uamuzi wa namna ya kuvikata vipande hivyo hufanywa mapema, wakati sura ya programu inapojengwa. Mtaalamu wa Kiswahili anapoitwa, uamuzi umekwisha kupita.

Nimechagua kuieleza hoja hii kwa mfano wa vivinjari vya majaribio vya kompyuta za mezani ambavyo sura yake imejengwa kwa zana zile zile zinazotumika kutengenezea kurasa za wavuti. Nimevichagua kwa sababu katika vivinjari vya aina hii karakana imeachwa wazi: mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kutengeneza ukurasa anaweza kuingia, akaona kila sentensi ilivyoundwa, na akaibadilisha. Kwa hiyo wanatuwezesha kuuliza swali ambalo kwa muda mrefu hatukuwa na nafasi ya kuliuliza: kivinjari kingekuwaje kama sarufi ya Kiswahili ingehudhuria tangu siku ya kwanza?

2.0 Injini na Ganda

Ili tuelewane, ni vyema kwanza tutofautishe sehemu mbili za kivinjari. Sehemu ya kwanza ni injini. Hiyo ndiyo inayoleta faili za ukurasa kutoka katika seva, inayosoma maagizo yaliyomo, na inayouchora ukurasa kwenye kioo. Mtumiaji haioni injini. Huona matokeo ya kazi yake tu. Sehemu ya pili ni ganda linaloizunguka. Humo mna upau wa kuandikia anwani, vitufe vya kurudi nyuma na kwenda mbele, orodha ya alamisho, historia ya kurasa zilizotembelewa, na vichupo, yaani zile ndimi ndogo zinazomwezesha mtu kufungua kurasa kadhaa katika dirisha moja. Ganda ndilo wataalamu wa kompyuta wanaloliita kiolesura, kwa maana ya sehemu ya programu inayoonana na mtu.

Maneno yote ya kivinjari chenyewe yamo katika ganda. Maneno ya ukurasa ni ya mwandishi wa ukurasa. Maneno ya ganda ni ya mjenzi wa kivinjari. Mtu akisoma gazeti la Kiswahili kwenye kompyuta, habari zitakuwa za Kiswahili, lakini maonyo, vitufe na maelekezo yanayomzunguka yanaweza kuwa ya lugha asiyoielewa. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu katika ganda ndimo kivinjari kinamomwambia mtu kama yuko mahali salama au la.

Katika vivinjari vingi ganda liliandikwa kwa lugha ngumu za programu, na kwa namna tofauti katika kila mfumo wa kompyuta. Kubadilisha sentensi moja kulimlazimu mtu awe na msimbo mzima na aujenge upya. Njia ya pili, ambayo ndiyo mada yetu, ni kulijenga ganda kwa HTML, lugha ya kupangia ukurasa. CSS, lugha ya kuupambia. Na JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa mwendo. Kwa njia hii ganda lenyewe linakuwa ukurasa, na injini huchora kurasa mbili kwa pamoja: ule wa nje, ambao ni ganda, na ule wa ndani, ambao ni ukurasa anaousoma mtu.

3.0 Historia kwa Ufupi

Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Kivinjari hicho kilimwezesha mtu kusoma na pia kuandika kurasa. Mwaka 1993 Mosaic ilitoka katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, na mwaka uliofuata kampuni ya Netscape ikaanza kutoa kivinjari chake. Mwaka 1998 Netscape iliutoa hadharani msimbo wa kivinjari chake, na hapo ndipo mradi wa Mozilla ulipozaliwa.

Wahandisi wa Mozilla walikabiliwa na tatizo la kujenga ganda ambalo lingefanya kazi kwenye Windows, Macintosh na Linux bila kuandikwa mara tatu. Walibuni lugha ya XUL, iliyofanana na HTML lakini yenye maneno ya kutajia madirisha, menyu na vitufe. Rangi na vipimo viliwekwa kwa CSS, na mwendo kwa JavaScript. Jambo lililo muhimu zaidi kwetu ni kwamba maneno yote ya ganda yaliwekwa katika faili za pekee, mbali na msimbo. Firefox 1.0, iliyotoka tarehe 9 Novemba 2004, ilijengwa kwa njia hiyo. Mfasiri asiyejua kuandika programu aliweza kuzifungua faili hizo kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi.

Mwezi uliofuata, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo haikuwa kivinjari, lakini ilithibitisha kwamba pale msimbo unapoachwa wazi, Waswahili hawasubiri kuletewa tafsiri na kampuni ya mbali.

Miaka kumi baadaye majaribio yalisogezwa mbele zaidi. Mozilla ilikuwa imejenga mfumo wa simu wa Firefox OS, ambao sura yake yote iliandikwa kwa zana za wavuti, na simu za kwanza za mfumo huo ziliuzwa mwaka 2013. Kutokana na uzoefu huo ukatokea mradi wa utafiti ulioitwa browser.html, ambao ulilenga kujenga ganda la kivinjari cha kompyuta ya mezani kwa HTML yenyewe badala ya XUL. Uliendeshwa kwanza juu ya Gecko, injini ya Firefox, kisha juu ya Servo, injini mpya iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Katikati ya mwaka 2016 Servo ilianza kutolewa kwa umma kila usiku ikiwa na ganda hilo. Baadaye kazi ya browser.html iliachwa. Servo yenyewe ilihamia chini ya Linux Foundation mwaka 2020, na ganda lake la kujaribia la miaka hii huandikwa kwa Rust.

Hata hivyo wazo halikufa. Vivaldi, kivinjari cha kampuni iliyoanzishwa na Jon von Tetzchner, ambaye hapo awali alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Opera, kilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2015 kikiwa na ganda la zana za wavuti juu ya injini ya Chromium, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Aprili 2016. Mfumo wa Electron, uliotokana na kazi ya kampuni ya GitHub, nao uliwawezesha wanafunzi na watafiti kujenga vivinjari vidogo vya majaribio bila kugusa msimbo wa injini.

4.0 Namna Ganda Linavyojengwa

Mtu anayeanza kujenga ganda kwa HTML hufikiri kwamba kazi ni rahisi. Huandaa ukurasa wenye upau wa anwani na vitufe, kisha chini yake huweka fremu, yaani tundu ambalo ndani yake ukurasa mwingine huonekana. Hapo hukutana na vizuizi viwili. Kwanza, kurasa nyingi, hasa za benki na za barua pepe, hukataa kuonyeshwa ndani ya fremu ya ukurasa mwingine. Pili, ukurasa wa nje hauruhusiwi kuchungulia ukurasa wa ndani uliotoka katika tovuti nyingine. Kanuni hizi zimewekwa kwa sababu njema, kwani bila hizo ukurasa wowote ungeweza kuufunika ukurasa wa benki na kusoma yaliyomo. Lakini kivinjari kinapaswa kujua jina la ukurasa, anwani yake, na kama umemaliza kufunguka.

Suluhisho ni fremu ya aina ya pekee, yenye madaraka ambayo injini huyatoa kwa ganda peke yake. Katika Firefox OS na browser.html fremu hiyo ilikuwa ikituma habari kwa ganda: ukurasa umeanza kufunguka, jina limebadilika, anwani imebadilika, hali ya usalama imebadilika, ukurasa umekwisha kufunguka. Ganda nalo liliweza kuiamuru fremu irudi nyuma, iende mbele, isimame au ionyeshe ukurasa upya. Ukurasa wa ndani haukujua kwamba umo ndani ya fremu. Electron nayo ina vifaa vya kazi hiyo hiyo. Toleo lake la 30, la mwaka 2024, lilileta namna mpya ya kuweka kurasa ndani ya dirisha ili kuchukua nafasi ya ile ya zamani.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kupokea habari na kuziandika kwa maneno. Fremu inaposema kwamba faili limekwisha kuletwa, ganda hutunga sentensi ya kumwambia msomaji. Fremu inaposema kwamba cheti cha usalama cha tovuti hakikubaliki, ganda hutunga onyo. Tazameni basi: moyo wa ganda ni utungaji wa sentensi. Injini hutoa taarifa isiyo na lugha, na ganda huigeuza kuwa lugha. Hapo ndipo mwanaisimu anapostahili kiti.

5.0 Mpaka wa Uaminifu

Kabla ya kuingia katika sarufi, sina budi kutaja jambo moja la usalama. Kwa kuwa ganda na ukurasa hujengwa kwa zana zile zile, ukurasa wa mdanganyifu unaweza kuchora upau wa anwani wa bandia, wenye rangi na alama zile zile, na kuandika humo anwani ya benki. Kinachomlinda msomaji ni mpaka: ukurasa hauwezi kuchora nje ya tundu lake. Yaliyo juu ya mpaka ni maneno ya kivinjari, na yaliyo chini ni maneno ya mtu yeyote. Wajenzi wa vivinjari vya majaribio, ambao hupenda kuficha upau au kuhamishia vichupo ubavuni, wanapaswa kuhakikisha kwamba msomaji bado anauona mpaka huo.

Lugha ni sehemu ya mpaka. Fikirieni mwanafunzi anayeomba mkopo wa masomo au mfanyabiashara anayelipia mzigo, naye anakutana na onyo. Onyo mashuhuri la Kiingereza husema kwamba muunganisho wako si wa faragha. Likitafsiriwa neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili hupata sentensi sahihi kisarufi isiyomsaidia. Neno faragha humfikisha kwenye upweke na mazungumzo ya watu wawili mahali pa siri; halimwambii kwamba kuna hatari ya kuibiwa. Sentensi ifaayo ingekuwa: "Usiandike nywila hapa. Huenda mtu mwingine anasoma unachokiandika." Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya Kiingereza, nayo haina kisawe cha moja kwa moja cha neno lolote lililomo. Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno hana ruhusa ya kuiandika. Mjenzi wa ganda anayo.

6.0 Sarufi Inapoingia Karakanani

6.1 Kivumishi kisichokaa peke yake

Wajenzi wengi wa ganda huona haja ya kutumia tena maneno. Katika Kiingereza neno moja la kueleza upya huweza kuwekwa mbele ya jina lolote la kitu. Kwa hiyo mhandisi huandika kiolezo kimoja chenye neno hilo na pengo, kisha pengo hujazwa jina la kichupo, dirisha, ukurasa au folda. Katika Kiswahili tunasema kichupo kipya, dirisha jipya, ukurasa mpya, vichupo vipya, madirisha mapya. Hakuna umbo moja la -pya linaloweza kukaa katika kiolezo. Mfasiri akiandika "mpya", dirisha litakuwa "dirisha mpya"; akiandika "jipya", kichupo kitakuwa "kichupo jipya". Kosa hilo tunaliona kwenye vioo vyetu, na mara nyingi humlaumu mfasiri. Mwenye kosa ni kiolezo.

Hali ni hiyo hiyo kwa -ote na kwa -ako. Funga vichupo vyote, funga madirisha yote, futa kurasa zote. Alamisho zako, historia yako, kichupo chako. Vitufe vya ganda vimejaa maneno ya aina hii kwa sababu kivinjari ni chombo cha kuhesabu na kumiliki vitu.

6.2 Idadi na ngeli

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Wahandisi wamekwisha kutambua kwamba lugha hutofautiana katika kuonyesha idadi. Kanzidata ya CLDR ya shirika la Unicode huorodhesha kwa kila lugha ni maumbo mangapi yanayohitajika. Kiarabu kinahitaji sita, Kiswahili mawili, umoja na wingi. Taarifa hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Katika Kiswahili idadi na ngeli hukaa katika kiambishi kimoja, na haviwezi kutenganishwa. Tazama:

Faili 1 limepakuliwa. Mafaili 3 yamepakuliwa.
Picha 1 imepakuliwa. Picha 3 zimepakuliwa.
Kitabu 1 kimepakuliwa. Vitabu 3 vimepakuliwa.
Waraka 1 umepakuliwa. Nyaraka 3 zimepakuliwa.

Kwa Kiingereza maumbo mawili yanatosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili maumbo ni mawili kwa kila ngeli. Mhandisi anayetegemea taarifa ya idadi peke yake atadhani ametimiza wajibu wake, na bado programu yake itasema "vitabu 3 imepakuliwa".

Liangalieni pia pengo la tarakimu. Katika Kiingereza tarakimu hutangulia jina. Katika Kiswahili huja baada yake. Kiolezo kinachounganisha tarakimu, nafasi na jina kwa mpangilio uliofungwa humlazimisha Mswahili aseme "3 vitabu". Jambo hili lina sura nyingine kwa wasomaji wasioona, ambao husomewa maneno ya ganda na programu ya sauti. Programu hiyo inapaswa kujua kwamba "vitabu 3" husomwa vitabu vitatu, kwamba "picha 3" husomwa picha tatu, na kwamba "vitabu 6" husomwa vitabu sita bila kiambishi chochote. Tarakimu huuficha upatanisho machoni, lakini masikio huudai.

6.3 Nani anamwamuru nani

Tatizo la tatu ni la kipragmatiki. Kitufe kilichoandikwa "Pakua" ni amri ambayo mtu anaipa mashine. Maelekezo yanayomtaka mtu aandike nywila ni ombi ambalo mashine inampa mtu. Kiingereza hutumia umbo moja la kitenzi kwa yote mawili. Kiswahili kina uwezo wa kuyatofautisha: amri kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine dhamira tegemezi yenye kiambishi cha nafsi na kiishio -e, kama katika "uandike nywila yako". Katika jamii zetu si jambo dogo kwamba mashine imwamuru mtu mzima kama mtoto. Napendekeza kwamba vitufe vibaki na amri, na maelekezo yatumie umbo la ombi. Ganda likifuata kanuni hiyo tangu mwanzo, msomaji atajua kwa umbo la kitenzi peke yake ni nani anayesema.

Kwa upande mwingine ni haki kutaja pale Kiswahili kinapomrahisishia mhandisi kazi. Kiambishi a- hakibagui jinsia. "Ametuma" humfaa mwanamke na mwanamume. Lugha nyingi za Ulaya zinahitaji maumbo mawili hapo.

6.4 Tiba

Tiba ziko tatu, na zote zinawezekana katika ganda la zana za wavuti. Ya kwanza ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu badala ya kiolezo chenye pengo. Kivinjari hakina vitu vingi hivyo. Kichupo, dirisha, ukurasa, faili, alamisho na vichache vingine vinaweza kuandikiwa kila kimoja sentensi zake bila gharama kubwa. Ya pili ni kuyapa mapengo majina, kama pengo la idadi na pengo la jina, ili mfasiri aweze kuyahamisha ndani ya sentensi. Ya tatu ni kumruhusu mfasiri kuweka matawi ambayo Kiingereza hakina. Mfumo wa Fluent wa Mozilla, uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, umejengwa juu ya fikra hiyo: sentensi moja ya Kiingereza inaweza kuwa na matawi mengi katika lugha nyingine, na mhandisi hana haja ya kuyajua. Hata hivyo Fluent haijui ngeli za Kiswahili. Inampa mfasiri mahali pa kuziandikia. Kuziandika ni kazi yetu.

7.0 Istilahi

Suala la istilahi limejadiliwa sana katika taaluma yetu, kwa hiyo nitaligusia tu. Neno kivinjari limetokana na kitenzi vinjari, ambacho maana yake ni kuzunguka huku na huku kwa kuchunguza au kulinda. Ni chaguo zuri, kwa sababu linamfanya msomaji kuwa mtu mwenye macho, si abiria. Pakua nalo lina nasaba nzuri: tunapakua shehena chomboni na chakula chunguni. Zaidi ya hayo, pakia na pakua hutengeneza jozi ya kutenda na kutendua ambayo kila Mswahili huielewa bila kufundishwa.

Linalopungua katika orodha zetu za istilahi si maneno, ni ngeli. Orodha nyingi hutoa kisawe na kuishia hapo. Je, faili limepakuliwa au faili imepakuliwa? Wingi wake ni mafaili au faili? Wazungumzaji hutumia namna zote mbili, na hakuna ubaya katika mazungumzo. Lakini ganda haliwezi kuwa na ngeli mbili kwa neno moja, kwa maana kitufe kitasema hivi na onyo litasema vile. Kila istilahi ya kompyuta inapoingizwa katika orodha ifuatane na ngeli yake, wingi wake, na mfano mmoja wa sentensi yenye kitenzi.

8.0 Hitimisho

Mtu anaweza kuuliza kama inafaa kujishughulisha na miradi ya majaribio ambayo, kama tulivyoona, mingi hufa. Firefox OS haiuzwi tena, browser.html imeachwa, na XUL inaondolewa kidogo kidogo ndani ya Firefox. Mfasiri aliyetafsiri maneno ya programu iliyokufa amepoteza kazi yake yote. Lakini mwanaisimu aliyeonyesha kwamba kiolezo fulani hakifai kwa lugha ya upatanisho hajapoteza kitu, kwa kuwa ujuzi huo unahamishika kutoka ganda moja hadi jingine. Nao hautufai sisi peke yetu. Kizulu, Kiganda, Kinyarwanda na lugha nyingine za Kibantu zina ngeli, na kila pengo litakalozibwa kwa ajili ya Kiswahili litakuwa limezibwa kwa ajili ya nyingi kati ya hizo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili na za kompyuta zianzishe kazi ya pamoja ya wanafunzi, ambapo wanafunzi wa kompyuta watajenga ganda dogo la kivinjari na wanafunzi wa isimu watatunga sentensi zake tangu mchoro wa kwanza. Pili, orodha za istilahi za teknolojia zipitiwe upya ili kila neno lipewe ngeli. Tatu, maonyo ya usalama yasitafsiriwe. Yatungwe upya kwa Kiswahili, kisha yajaribiwe kwa wasomaji halisi ili ijulikane kama wameelewa wanachopaswa kufanya.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ganda la kivinjari ni laini siku zile linapochorwa, na hukauka siku linapotolewa kwa umma. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiletewa samaki mkavu, tukaulizwa kwa nini hakunjiki. Zana za kumkunja akiwa mbichi sasa zimo mikononi mwa kila mwanafunzi mwenye kompyuta, na kinachotakiwa ni sisi tulioisoma sarufi hii kufika karakanani mapema.